Idhini ya Kumshika Kozi

Mtu wa Marekani atakaye leo kumfuga kozi na kuwinda naye hana budi kwanza amtafute mwalimu atakayekubali kumdhamini, kisha afanye mtihani wa kuandika na kupata alama zisizopungua 80 katika mia, kisha amkaribishe afisa wa wanyamapori nyumbani kwake, akague banda, vitulio, chombo cha maji na mizani. Na baada ya hayo yote, cheti akiwa nacho mkononi, atahesabiwa mwanafunzi kwa muda wa miaka miwili. Hata mtu anunuaye bunduki katika nchi hiyo aghalabu haulizwi maswali mengi kiasi hicho. Masharti haya hayakuzuka kwa siku moja, wala hayakutungwa na watu wanaoichukia sanaa hii, kama wengi wanavyodhani. Sehemu yake kubwa ilipendekezwa na wawindaji wenyewe, wakati ambapo ndege waliyempenda kuliko wote alikuwa anatoweka mbele ya macho yao. Ili kuyafahamu, yatupasa turudi nyuma sana, hata kwenye zama ambazo swali halikuwa "nani amepewa kibali?" bali "ndege huyu amefunzwa au hakufunzwa?"

Sharti la ndege kabla ya sharti la mtu

Waarabu wa jangwani walikuwa wakiwinda kwa kozi kabla ya Uislamu, na dini ilipokuja haikuikataza desturi hiyo, bali iliiwekea mipaka. Aya ya 4 ya Sura al-Maida imehalalisha mawindo ya wanyama na ndege wawindao waliofunzwa, kwa sharti la kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Na kutokana na aya hiyo mafakihi wakajenga mlango mzima wa fiqhi, wakachambua ni kwa alama gani ndege atahesabiwa kuwa amefunzwa. Je, akitumwa huenda? Akiitwa hurudi? Akishika windo hulizuia kwa ajili ya bwana wake, au hulila mwenyewe? Katika suala hili la mwisho madhehebu yamekhitilafiana: Mahanafi wakamsamehe ndege alaye sehemu ya windo, kwa hoja kwamba ndege hafunziki kujizuia kama mbwa, ilhali Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wakawa wakali zaidi. Hapakuwa na afisa wala cheti, lakini nyama ya windo haikuwa halali mpaka sharti la elimu litimie. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uwindaji wa kozi iliyoandikwa kwa makini, na inastahili kutajwa mbele ya sheria za wafalme wa Ulaya.

Elimu hiyo ya Waarabu ndiyo iliyovuka bahari hadi Sicilia, katika baraza la Mfalme Mkuu Frederick wa Pili. Mtawala huyo aliagiza kitabu cha Kiarabu juu ya ndege wa kuwindia kitafsiriwe kwa Kilatini na mwanachuoni Theodore wa Antiokia, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe, ambacho hata leo wataalamu wa ndege hukisoma kwa heshima. Hakuridhika na kunukuu wa kale. Aliwafumba tumbusi macho ili ajue kama wanakitambua chakula kwa kunusa au kwa kuona. Na alipofika kwenye habari za mtu afaaye kuwa mtunza kozi, aliorodhesha sifa zake kama kadhi aorodheshavyo sifa za shahidi: awe na macho makali na masikio mepesi, asiwe mlevi, asiwe mlafi, asiwe mwepesi wa hasira, asilale usingizi mzito hata asisikie njuga ya ndege wake usiku, na ajue kuogelea, maana windo huangukia ng'ambo ya mto. Frederick alifariki mwaka 1250. Orodha yake haikuwa sheria, lakini mwenye kuusoma mtihani wa siku hizi atayakuta mengi ya maswali yake humo.

Misitu ya wafalme

Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wafalme wa Kinormani walikuwa wameyatenga maeneo makubwa kuwa misitu yao ya kuwindia, na kila kilichomo, kuanzia paa hadi kiota cha kozi, kilikuwa chini ya hukumu yao. Mabwana wa nchi walipomlazimisha mfalme kukubali mipaka ya mamlaka yake, miongoni mwa haki walizodai ilikuwemo ya viota hivyo. Na Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ikatamka kwamba kila mtu huru atakuwa na haki ya viota vya kozi vilivyomo katika msitu wake mwenyewe. Si jambo dogo kwamba, katika hati iliyohusu ardhi, adhabu na malisho, ndege huyu alipata kifungu chake.

Lakini haki hiyo ilikuwa ya mwenye ardhi. Katika karne ya 14, enzi ya Edward wa Tatu, sheria ilimtaka aokotaye kozi aliyepotea ampeleke kwa liwali wa jimbo ili atangazwe, na mwenye kumficha akahesabiwa mwizi. Mwaka 1486 kikachapishwa kitabu kijulikanacho kwa jina la St Albans, kilichopanga ndege kwa daraja za watu: tai wa mfalme mkuu, kozi mweupe wa nchi za barafu wa mfalme, shahini wa mwana wa mfalme, na kuendelea chini hadi kwa kasisi. Wengi huutaja mpango huo kana kwamba ulikuwa sheria ya nchi, na si kweli. Ilikuwa ni adabu ya kijamii iliyoandikwa. Hata hivyo ulieleza fikra ya zama zile waziwazi, kwamba anayestahili kumshika ndege fulani hustahili kwa nasaba yake, si kwa maarifa yake.

Bunduki na usahaulifu

Kuanzia karne ya 17 bunduki ya kuwindia ikaenea Ulaya, na kozi akaanza kuonekana kuwa gharama isiyo na faida. Kwa muda mfupi yule ndege aliyelindwa na sheria za wafalme akageuka adui, kwa sababu naye hula kwale na njiwa ambao mwenye bunduki aliwataka. Walinzi wa mashamba makubwa wakawa wanampiga risasi kila walipomwona. Waliobaki na sanaa yenyewe walikuwa wachache, wakikutana katika vyama vidogo kama kile chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1927, na serikali nyingi hazikuona haja ya kuwatungia kanuni, maana hawakuwa tatizo la mtu yeyote.

Upande wa Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo, tena mbaya zaidi kwa ndege. Sheria kuu ya kuwalinda ndege wahamao, iliyopitishwa mwaka 1918, haikuwataja ndege wawindao hata kidogo. Jimbo la Pennsylvania, kuanzia mwaka 1929, lilikuwa likimlipa raia dola 5 kwa kila mwewe mkubwa wa msituni aliyemuua. Kumfuga ndege wa namna hiyo kulikuwa huru kama kumfuga kuku. Na baada ya ndugu wawili, Frank na John Craighead, kuandika na kupiga picha za kozi wao katika jarida la National Geographic mwaka 1937, vijana wengi wakavutiwa, wakapanda majabali na kutwaa makinda bila kumwomba mtu ruhusa.

Viota vitupu

Vita vya Pili vya Dunia vilileta msiba wa kwanza. Marubani wa Uingereza walikuwa wakibeba njiwa wa kupeleka habari endapo ndege zao zitaanguka baharini, na kwa kuwa kozi aitwaye shahini humkamata njiwa kwa urahisi, serikali ikatoa amri mwaka 1940 ya kuwaangamiza kozi hao katika maeneo fulani ya pwani. Takriban 600 wakauawa. Baada ya vita amri ikafutwa, na watu wakatazamia kwamba ndege watarejea kwa wingi wao wa zamani. Wakarejea kidogo, kisha wakaanza kupungua tena, na safari hii hapakuwa na bunduki ya kulaumiwa.

Mtafiti wa Kiingereza Derek Ratcliffe aliyezungukia majabali ya nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta viota vyenye mayai yaliyovunjika, na mara nyingine mama mwenyewe akiyala. Akaenda kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa mayai, akapima maganda ya mayai ya zamani na ya sasa, na mwaka 1967 akatangaza alichokiona: tangu karibu mwaka 1947 ganda lilikuwa limekuwa jembamba, kiasi kwamba mama akilalia yai lilimvunjikia chini ya kifua. Ndiyo miaka ile dawa ya DDT ilipoanza kunyunyizwa mashambani. Sumu iliingia kwa mdudu, ikapanda kwa ndege mdogo amlaye mdudu, ikakusanyika kwa kozi amlaye ndege mdogo, na mwilini mwake ikazuia chokaa isifike kwenye yai. Huko Marekani, mwaka 1964, vilikaguliwa viota 133 vilivyojulikana mashariki mwa nchi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kozi. Mwaka uliofuata Profesa Joseph Hickey akawaita wataalamu wa mataifa mbalimbali kwenye mkutano katika mji wa Madison, na wengi waliohudhuria wakatoka humo wakiamini kwamba shahini wa mashariki ya Amerika ameshakwisha.

Hapa ndipo historia ya leseni inapogeuka. Wahifadhi kadha wa kadha wakawanyoshea kidole wawindaji wa kozi: ninyi ndio mnaoiba makinda. Sumu ndiyo iliyokuwa chanzo, lakini shutuma hiyo haikuwa bure kabisa, kwa kuwa ndege akiisha kuwa adimu kila kinda linalotwaliwa lina uzito. Chama cha wawindaji wa kozi cha Amerika ya Kaskazini, kilichoundwa mwaka 1961, kilikuwa na njia mbili: kupinga kila sheria, au kuketi na serikali na kuitaka sheria iwe kali kwa asiyejua na yenye haki kwa ajuaye. Wenye busara wakachagua ya pili, na uchaguzi wao huo ndio ulioiokoa sanaa yao.

Mwaka 1972 mambo mawili yakatukia. Marekani na Mexico zikaurekebisha mkataba wao wa ndege wahamao, na kwa mara ya kwanza jamii za kozi, mwewe, tai na bundi zikaingizwa chini ya ulinzi wa sheria ya ndege wahamao. Na katika mwaka huo huo matumizi ya DDT yakapigwa marufuku nchini Marekani. Kuanzia hapo, kumshika kozi bila idhini kukawa kosa, na serikali ikalazimika kuamua idhini hiyo itolewe kwa nani.

Kanuni za mwaka 1976

Jibu lilitoka Januari 1976. Kanuni ziliwagawa wawindaji katika daraja tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi, mwenye umri usiopungua miaka 14, anayeruhusiwa ndege mmoja tu, tena wa aina zisizo adimu: mwewe wa mkia mwekundu au wa mabega mekundu, au yule kozi mdogo kabisa wa Amerika. Wa pili ni wa daraja ya kawaida, aliyetimiza miaka 18 na aliyekaa miaka miwili katika uanafunzi, naye akaruhusiwa ndege wawili. Wa tatu ni bingwa, aliyekaa miaka mitano zaidi, akaruhusiwa watatu.

Mtu asiyewajua ndege hawa akisoma sehemu ya ukaguzi ataiona ni urasimu mtupu, lakini kila mstari una sababu yake. Madirisha ya banda yawe na fito za wima upande wa ndani, zilizokaribiana kuliko upana wa mwili wa ndege. Maana ndege akijirusha kwenye wavu hukata manyoya ya mbawa na mkia, na kozi aliyekatika manyoya hawindi vizuri mpaka anyonyoke na kuota upya. Kuwe na chombo cha maji chenye kina cha inchi 2 hadi 6, kipana kuliko urefu wa ndege, ili aoge. Kuwe na kamba za ngozi za miguuni, kizungusho cha chuma kinachozuia kamba isijisokote, na kamba ndefu isiyoharibika kwa mvua. Na kuwe na mizani isomayo tofauti isiyozidi gramu 15. Hii mizani ndiyo roho ya kazi yote. Kozi hamtii mtu kwa mapenzi wala kwa hofu. Huja mkononi kwa sababu ana njaa ya kiasi. Akizidi uzito kidogo, atapaa juu ya mti na kumtazama bwana wake mpaka jua lichwe, kisha aende zake. Akipungua kidogo kuliko apasavyo, hasa usiku wa baridi, asubuhi atakutwa amekufa. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi ndogo, na mwanafunzi asiyepima kila siku huigundua kwa kumpoteza ndege.

Ndiyo maana katika masharti yote hayo ninaloliona bora ni lile la mdhamini. Mtihani humpima mtu siku moja. Mwalimu humwona kwa miaka miwili, huangalia jinsi anavyomlisha ndege siku ya mvua na siku aliyochoka, na mwisho huweka sahihi yake mwenyewe kwamba huyu anafaa. Mataifa mengine yamekwenda kwa njia ya mitihani zaidi. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mtu afaulu mtihani wa uwindaji, ukiachwa upande wa kulenga shabaha, na juu yake mtihani wa pili wa kozi. Uingereza haina leseni ya mfugaji hata leo. Sheria yake ya mwaka 1981 iliwaandikisha ndege wa aina maalumu, si watu. Kila njia ina hoja zake, lakini ndege aliyeandikishwa mikononi mwa mtu asiyejua hufa vilevile.

Pete isiyo na kiungo

Wakati kanuni zikitungwa, Tom Cade, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyekuwa mwindaji wa kozi tangu ujana, alikuwa ameshaanzisha shirika la Peregrine Fund mwaka 1970, kwa nia ya kuwazalisha shahini wakiwa kifungoni, jambo ambalo wengi waliliona muhali. Wawindaji wakampa ndege wao. Mwaka 1973 banda lake likatoa makinda 20. Kuwarudisha porini alitumia hila ya kale ya wawindaji: makinda huwekwa katika sanduku juu ya jabali au mnara, hulishwa bila ya kumwona mtu, kisha hufunguliwa na kuachwa warukeruke huku chakula kikiendelea kuletwa, mpaka wajifunze kuua wenyewe. Katika miaka iliyofuata zaidi ya shahini 4,000 wakaachiliwa kwa njia hiyo.

Kozi wa kuzaliwa kifungoni walileta swali jipya la kisheria: afisa atamtofautishaje na aliyeibwa kiotani? Kanuni za mwaka 1983 zikajibu kwa pete ya chuma isiyo na kiungo, ambayo huweza kupita kwenye mguu wa kinda katika siku zake za mwanzo tu, kabla kucha hazijapanuka. Akishakua, pete haivuki tena. Mwaka 1984 maofisa wa shirikisho wakafanya msako mkubwa kote nchini, wakiwatuhumu baadhi ya wafugaji kwamba huwatwaa kozi wa porini na kuwasingizia uzawa wa bandani. Wako waliotiwa hatiani, lakini ukubwa wa biashara uliotangazwa mwanzoni ulipingwa vikali, na uchungu wa msako huo ulidumu baina ya pande mbili kwa miaka mingi.

Pasipoti za Ghuba

Katika nchi za Ghuba desturi ilikuwa tofauti na ya Ulaya. Bedui alimnasa kozi majira ya vuli anapopita akihama, akamfunza kwa wiki chache kwa kukaa naye usiku na mchana barazani, akawinda naye tandawala wa jangwani wakati wa baridi, na joto liliporudi akamwachia aende zake. Mtu hakuhitaji banda wala hati, na hapakuwa na mpaka wa dola uliovukwa. Lakini mafuta yakaleta magari na ndege za abiria, tandawala wakapungua, na Falme za Kiarabu zikapiga marufuku uwindaji katika ardhi yao kwa sheria ya mwaka 1983. Ikawa mwenye kozi anasafiri naye hadi Pakistan, Morocco au Asia ya Kati.

Hapo desturi ikagongana na Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao humweka shahini katika orodha ya viumbe wenye ulinzi mkubwa kabisa. Magendo ya kozi yalizidi hata, mwaka 2001, wasimamizi wa mkataba wakapendekeza nchi wanachama zisitishe biashara ya viumbe vya mkataba na Falme za Kiarabu. Jibu la serikali lilikuwa la haraka: mwaka 2002 ikatungwa sheria mpya, na kila kozi akaanza kuandikiwa pasipoti yake, idumuyo miaka mitatu, yenye jina la mmiliki, aina ya ndege, alikotoka na nambari ya pete. Zuio likaondolewa. Msomaji aliyepata kusafiri na mashirika ya ndege ya huko huenda amemwona kozi mwenye kofia ya ngozi ametulia kwenye kiti cha abiria. Huyo naye amepita kwa afisa wa uhamiaji kwa hati yake.

Pasipoti humruhusu ndege kuvuka mpaka, haimruhusu kuua. Pakistan ikawa inatoa vibali maalumu kwa wageni wakubwa wa Ghuba, kila kibali kikiruhusu tandawala 100 katika siku 10. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivipiga marufuku Agosti 2015, na Januari 2016 mahakama hiyo hiyo ikaitengua hukumu yake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa sheria za leo: kozi amehifadhiwa kwa pete na pasipoti, na windo lake limeachiwa siasa za mataifa.

Shahini arudi porini

Agosti 1999 shahini akaondolewa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2008 kanuni za 1976 zikaandikwa upya: umri wa mwanafunzi ukashushwa hadi miaka 12, wa daraja ya pili hadi 16, bingwa akaruhusiwa ndege watano wa porini, na leseni ya shirikisho ikapangiwa kukoma, ili kuanzia Januari 1, 2014 kila jimbo litoe yake kwa kiwango kisichopungua kile cha taifa. Yamekubali majimbo yote isipokuwa Hawaii, ambako kozi mgeni angekuwa balaa kwa ndege wa visiwani.

Kisha likaja lile ambalo wajumbe wa Madison wasingelisadiki. Mwaka 2009 serikali iliruhusu, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1970, kunaswa kwa shahini wahamao kutoka kaskazini, idadi yao 36 tu kwa mashariki yote ya nchi. Na mwaka 2017 idadi hiyo ikapandishwa hadi 144, baada ya hesabu za wataalamu kuonyesha kwamba wingi wa ndege hao hautapungua. Vibali hugawanywa kwa majimbo, na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko vibali, majimbo mengine hupiga kura. Huko Texas aliyeshinda kura huenda ufukweni wakati wa vuli na mitego yake, akamngoja shahini apitaye na upepo wa kaskazini. Akimpata, humtia pete na kumwandikisha. Asipompata kabla msimu haujafungwa, kibali chake humalizika, naye huomba upya mwaka unaofuata pamoja na wengine wote.